Kuupigia Hodi Mtandao

Jumatatu, 3 Machi

Ukuta umewaka nyekundu tena. Mimi tena.

Nieleze kidogo, maana huenda siku moja wajukuu wakaisoma shajara hii na wakashindwa kuelewa babu yao alikuwa akila kwa kazi gani. Mimi ni mpimaji wa programu za kompyuta. Wenzangu huziandika, mimi huzisumbua. Au niseme ukweli: huiagiza mashine izisumbue kwa niaba yangu, majaribio maelfu, wakati mimi nakoroga chai. Kabla kijiko hakijatulia kwenye sahani, mashine imeshamaliza. Miaka yote hii na bado nashangaa kama siku ya kwanza. Matokeo hutokea kwenye skrini kubwa ukutani. Kijani, mambo safi. Nyekundu, kuna mtu ana kesi.

Desturi ya ofisi yetu: mwenye jaribio lililowasha nyekundu huvaa kizibao cha manjano chenye mistari ya kung'aa, kile cha mafundi wa barabara, mpaka ukuta urudi kijani. Kizibao ni cha wote. Lakini jasho lililomo ni langu.

Jaribio linaloniaibisha ni dogo kuliko yote. Linauliza swali moja tu: je, mtandao upo? Basi. Tunatengeneza programu ya wauguzi wa zahanati za mbali. Muuguzi anamwandika mama mjamzito kwenye simu. Mtandao ukiwepo, taarifa inakwenda hospitali kubwa. Usipokuwepo, simu inaitunza mpaka urudi. Kwa hiyo programu lazima ijue kama mtandao upo au haupo. Inajuaje? Inapiga hodi. Kuna mashine moja ya kampuni kubwa, ng'ambo huko, inayojulikana na dunia nzima na haijawahi kulala. Tunaipigia hodi. Ikiitika karibu, mtandao upo. Ikinyamaza, haupo.

Rahisi, eti? Asubuhi iliitika. Kabla ya chai ikanyamaza. Baada ya chai ikaitika tena. Hakuna aliyegusa kitu! Nilisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kichwa upande. Kitu kisichoonekana, kisichonusika, kisichoshikika, kinaamua chenyewe lini kiwepo na lini kisiwepo, na mimi nalipwa mshahara nikipime. 

Shemeji akapita. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, naye ndiye msimamizi wa mtandao wa ofisi. Kazi hii nilimtafutia mimi, Mungu anisamehe. Hutembea na rundo la funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Akasema mtandao wake ni mzima wa afya, kipimo changu ndicho kina degedege. Nikamwambia, kwa heshima zote za ukwe, kwamba nyani haoni kundule. Akakubali kwamba ni kweli, huku akikitazama kizibao changu.

Jioni Mkurugenzi akatuita. Ni mama mpole, hajawahi kupandisha sauti, na ndiyo sababu tunamwogopa. Akasema Muuguzi Mkuu wa zahanati zile anakuja Ijumaa kuiona programu kabla ya kuipokea. Anataka ukuta uwe kijani. Usipokuwa, kitengo cha majaribio, yaani mimi, meza yangu na birika, kinahamia chini ya Shemeji.

Chini ya Shemeji! Mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli. Mtoto niliyekuwa nikimtuma na barua kwa dada yake, naye akizisoma njiani na kunisahihishia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kuuvizia mtandao na kuukamata ukitoroka.

Chumba cha mashine kiko mwisho wa korido, kidogo kama stoo ya mafagio, na kiyoyozi chake hudondosha maji kwenye ndoo. Shemeji alikuwa kwa mhasibu akibembeleza printa. Nikaingia na kigoda changu, nikafunga mlango, nikakaa.

Sikuwa tayari kwa nilichokiona.

Taa ndogo za kijani, safu juu ya safu, zikikonyezana. Hazikonyezani ovyo. Kila konyezo ni neno la mtu. Barua ya kuomba kazi. Picha ya mtoto aliyeota jino. Mtu anamwambia mkewe yuko kwenye kikao. Vyote vinapita hapo, mbele ya magoti yangu, kwenye waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu, vinavuka bahari na kurudi na jibu, na taa imekonyeza mara moja tu. Nimekula kwa mtandao nusu ya umri wangu na sijawahi kuuona ukipumua. Macho yakanilengalenga machozi. Inawezekana ni baridi ya kiyoyozi.

Nikasahau kabisa kwamba nimekuja kupeleleza. Nikanyoosha mguu nikae vizuri zaidi.

Taa zote zikazima.

 Halafu korido nzima ikaanza kuulizana kama na kwako imekatika. Funguo zikalia, mlango ukafunguka, Shemeji akanikuta kwenye kigoda, waya mkuu umenasa kwenye kisigino cha kiatu changu.  Akapiga goti, akauchomoa kwenye kiatu, akaurudisha mahali pake kwa upole, kama anamfunga mtoto kifungo. Taa zikaanza kukonyezana tena kama vile hakuna aliyekufa.

Kwa faida ya historia: katika muda ule mfupi jaribio langu lilisema mtandao haupo, na kweli haukuwepo. Halijawahi kuwa sahihi kiasi hicho. Nilimpelekea Mkurugenzi hoja hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikavae kizibao.

Nilikuwa nimekivaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo. Kosa letu ni haraka. Tunapiga hodi mara moja, tusipoitikwa papo hapo tunatangaza hakuna mtu. Ustaarabu uko wapi? Huenda mwenyewe yuko uani. Huenda anatafuta kanga ya kujifunga.

Mpango: subira. Jaribio lisipoitikwa, lipige tena. Na tena. Na tena mpaka mtu atoke. Na kwa kuwa majaribio yetu ni maelfu, na kila moja huanza kwa kupiga hodi, na mashine huyaendesha yote kwa pamoja, nikayapa yote subira hiyo hiyo. Nikabonyeza. Nikaenda kukoroga chai nikijiona mtu mwenye hekima.

Mwanzoni, kijani. Nikajipongeza. Halafu nyekundu. Halafu nyekundu tupu, ukuta mzima, kama jua linazama humo ndani.

Kisha mhasibu akatoka ofisini kwake akiuliza kwa nini kompyuta yake inamtaka athibitishe kwamba yeye si roboti. Imempa picha ndogo ndogo, achague zenye taa za barabarani. Mwenzake akasema na yeye kapewa pikipiki. Kufika saa nne, ofisi nzima walikuwa wameinama, wanachagua madaraja, ngazi na mabasi. Hakuna aliyeweza kutafuta chochote mtandaoni kabla ya kuthibitisha ubinadamu wake. Mkurugenzi naye aliulizwa. Inasemekana alishindwa mara mbili.

Shemeji akaja mezani kwangu na karatasi ya takwimu, lakini hakuitazama. Akasema, "Shemeji, umepiga hodi mpaka wamedhani ni wezi."

Ndivyo ilivyokuwa. Ile mashine ya ng'ambo iliona hodi maelfu kwa maelfu, zote kutoka nyumba moja, mfululizo, hazichoki. Ikafunga mlango, ikaweka komeo. Na siku zote zilizopita ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa kiasi: majaribio yangu yakijaa mlangoni kwa pamoja, wa mbele wanaitikwa, wa nyuma wananyamaziwa. Degedege lilikuwa langu. Shemeji alilisema hilo kwa sauti ya kawaida tu, na ndiyo iliyoniuma.

Lakini hebu fikiri! Nyumba isiyolala, inayotembelewa na dunia nzima, imenigundua mimi. Imeninunia mimi. Katika mabilioni ya wageni wake imesema: huyu wa pale juu, yule mwenye birika, asiingie. Nilikaa kitambo nikilitafakari. Sijawahi kununiwa na kitu kikubwa hivyo.

Nyumbani, mama watoto alikuwa akisahihisha madaftari ya hisabati. Ni mwalimu. Nilimsimulia nikitegemea faraja. Akaniuliza, bila kuinua kalamu, mimi nililelewa wapi, maana mtu akipiga hodi mara tatu hajaitikwa, huondoka zake akarudi kesho. Akasema laiti mdogo wake angepata kazi kwingine, huko wangekuwa na bahati.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo lilinijia bafuni, sabuni iko masikioni. Nikatoka bila kuisuuza.

Kwa nini twende ng'ambo kupiga hodi? Kwa nini tuhangaike na nyumba za watu wenye kununa? Nyumba iliyo karibu kuliko zote ni ya kwako mwenyewe. Mashine ijipigie hodi yenyewe! Ijiulize: upo? Ijijibu: nipo. Mwenye nyumba akibisha kwake, nani wa kumnyima karibu?

Nilibadilisha mstari mmoja. Mmoja tu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, sikuuweka kwenye majaribio peke yake. Niliubadilisha ndani ya hodi yenyewe, ile ile inayotumiwa na programu, ili kila kitu kiwe na mwenendo mmoja.

Nikabonyeza.

Ee Mola.

Ukuta uligeuka kijani wote, toka juu hadi chini, bila doa. Si kijani cha kawaida. Kijani cha majani asubuhi baada ya mvua. Nikabonyeza tena. Kijani. Nikabonyeza nimefumba macho. Kijani! Watu wakatoka vyumbani kuja kutazama. Mhasibu akapiga picha. Mtu mmoja akasema taratibu kwamba hajawahi kuuona hivi tangu aajiriwe, na sote tukasogea karibu, kama watu walioonyeshwa kitu kisichopaswa kuonwa na wengi.

Nikavua kizibao. Nikakitundika msumarini. Kikabaki na umbo la mabega yangu.

Mkurugenzi akanipa mkono. Mkono wake una baridi, lakini ulikuwa mkono. Shemeji alisimama kando, kakunja mikono kifuani, funguo kimya. Akauliza nimebadilisha nini. Nikamjibu kwamba nimeongea nayo vizuri tu; vitu vingi humu duniani havihitaji waya, vinahitaji mtu mzima. Akasema hm. Hm hiyo nimeiweka kwenye kumbukumbu kama wivu.

Nyumbani nilimweleza mama watoto kuhusu kijani. Sikumweleza kuhusu mstari. Akaniongezea mchuzi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika. Si kwa sababu nataka.

Muuguzi Mkuu alifika mapema. Mama mfupi, viatu bapa, begi kubwa begani, simu iliyopasuka kioo na kufungwa kwa mpira. Mkurugenzi alikuwa ameandaa maonyesho ya picha kwenye skrini. Muuguzi Mkuu akashukuru, akasema amekwisha kuhudhuria maonyesho mengi na hajawahi kuona hata moja ambalo halikufanya kazi. Akaomba tu aonyeshwe mahali mtandao unapozimwa.

Tukatazamana. Akaeleza, kama mtu anayeelekeza choo kilipo, kwamba kwenye zahanati yake mtandao hukaa dirishani, chumba cha kujifungulia, upande wa kushoto. Kukiwa na mawingu, hata hapo haukai. Kwa hiyo yeye hana haja na programu inayofanya kazi mtandao ukiwepo. Mtandao ukiwepo hata yeye anafanya kazi.

Niliinua mkono kuonyesha ukuta wangu. Akautazama kwa adabu.

Simu yake iliunganishwa na mtandao wa ofisi, programu ikafunguliwa. Shemeji akaenda chumba cha mashine. Tukasikia funguo, tukasikia waya ukitoka. Kompyuta zote zikalalamika. Muuguzi Mkuu akaketi kwenye kiti changu, akavaa miwani, akamwandika mama wa kubuni, akisoma kwa sauti kila alichoandika. Mimba ya kwanza. Presha juu. Miguu imevimba. Apelekwe hospitali leo hii. Akabonyeza.

Simu ikatoa alama ya kijani. Ikaandika: Imetumwa.

Ukuta nyuma yangu, kijani. Mtandao haumo katika jengo zima, na ukuta kijani, kijani, kijani, kama mtu anayecheka msibani.

Muuguzi Mkuu akavua miwani. "Baba," akaniambia, "huyu mama ameenda wapi?"

Nikasema ametumwa.

"Kwa nani?"

Hakuna aliyenisaidia. Nikaanza kueleza habari za hodi, na mashine ya ng'ambo na kununa kwake, na bafuni, na jinsi nyumba ya karibu ilivyo ya kwako mwenyewe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga. Shemeji alikuwa amerudi, kaegemea mlango. Nikamalizia kwa sauti ndogo kwamba simu ilipoambiwa mtandao upo ilituma, na kwa kuwa imeamini imetuma, ilifuta nakala yake. Mama yule hayuko hospitali. Hayuko kwenye simu. Hayuko popote.

Muuguzi Mkuu hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Akafunga mpira kwenye simu yake, akasema, "Karatasi zangu hulowa mvua. Lakini karatasi haijawahi kuniambia imefika huku bado nimeishika mkononi."

 

Ndipo Shemeji akasema. Nilijikaza nipokee kejeli, maana ilikuwa zamu yake na alikuwa na haki. Haikuja. Alizungumza na Muuguzi Mkuu kana kwamba mimi ni jirani tu aliyepatwa na jambo. Alisema simu inapokuwa kazini iipigie hodi hospitali yenyewe, mara moja moja, kwa adabu, na isifute kitu mpaka hospitali ikiri imepokea. Wakati wa majaribio tusimsumbue mtu yeyote. Tujenge nyumba ya mazoezi, kompyuta moja humu humu ndani, ya kupigiwa hodi. Tuiagize siku nyingine iitike, siku nyingine ichelewe, siku nyingine inyamaze kabisa. Tuone programu inafanya nini katika kila hali. Nikataka kusema na mimi nilijenga nyumba humu ndani. Nikajizuia. Yangu ilijua neno moja tu, karibu.

Muuguzi Mkuu akampa mpaka Ijumaa ijayo. Akampa yeye. Akanipa mkono wakati wa kuondoka, akaniuliza kama nina watoto, nikasema ninao, akasema vizuri.

Mkurugenzi hakusema mengi. Kitengo cha majaribio kiko chini ya Shemeji kuanzia leo. Kisha akakitazama kizibao msumarini, akautazama ukuta. Tatizo likaonekana: ukuta ulikuwa bado kijani. Kwa desturi ya ofisi, hakuna aliyeweza kunivalisha.

Nilikivaa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja kula, kama kila Jumapili, na tikiti maji kwapani. Tofauti ni kwamba leo kaingia akiwa bosi wangu.

Akakaa kwenye kiti changu cha karibu na dirisha. Hakukusudia, ni mazoea yake tangu zamani, lakini zamani hakikuwa na maana. Mama watoto akampakulia kwanza, akisema mlezi wa mumewe lazima ashibe. Binti yetu akauliza, kwa sura ya utakatifu, kama kuanzia sasa amwite mjomba au mkubwa wa kazi. Nikawaambia wale chakula chao.

Baada ya kula tukawa mimi naye pale bombani uani, tunanawa. Nilisubiri aniseme. Badala yake akaniambia nyumba ya mazoezi ameshaimaliza jana, na kesho ataniachia niendeshe majaribio mwenyewe, kwa sababu yeye na Mkurugenzi watasafiri kwenda kuliona hilo dirisha la kushoto. Ombi lake ni moja: hodi nisiiguse.

Nikamwahidi. Akafunga bomba. "Shemeji," akasema, "kunyamaza nako ni jibu. Kazi ni kujua kusubiri."

Mtoto niliyemfundisha baiskeli! Neno kama hilo kalitoa wapi? Nimejilaza mchana kutwa nikiligeuza. Kunyamaza nako ni jibu. Mbingu zinanyamaza, nazo zinajibu. Mama watoto ananyamaza, naye anajibu sana. Nilikuwa nimepima kuitika maisha yangu yote, wala sijawahi kupima kimya. Nimeona aibu, halafu nimeona kitu kikubwa zaidi ya aibu, sijui jina lake. Kama mtu aliyeishi karibu na mlango miaka mingi, leo ndio kaambiwa unafunguka.

Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 10 Machi

Wameondoka alfajiri. Ofisi ni yangu.

Nyumba ya mazoezi ni kompyuta kuukuu juu ya rafu, karibu na ndoo ya kiyoyozi. Haina sura. Lakini nimewasha majaribio na, kwa mara ya kwanza, nimeiona programu ikikutana na kimya cha kweli. Inapiga hodi. Inasubiri. Haina wasiwasi. Inapiga tena, kwa adabu. Inasubiri. Halafu inaandika: Nimeitunza. Nitaituma mtandao ukirudi. Nilisimama wima. Naapa nilivua na kofia. Mama wa kubuni yuko salama kwenye simu, na ukuta kijani, kijani cha haki. Shemeji ni fundi. Nitamwambia akirudi, mbele za watu.

Kuna jambo moja dogo tu.

Kimya kinachelewesha. Jaribio la kuitika linakwisha kufumba na kufumbua. Jaribio la kimya linakaa, linakaa, linasikiliza. Nilikoroga chai, nikainywa, nikakoroga nyingine, bado linasikiliza. Na majaribio ya kimya sasa ni mengi, Shemeji kayajaza humo. Kwa mwendo huu yatatuchukua asubuhi nzima, na Ijumaa Muuguzi Mkuu atakuja atukute tumeketi tunasubiri, kama wagonjwa wake. Hiyo si heshima kwake. Wala si heshima kwa Shemeji, na mimi sasa namjali Shemeji.

Nilifikiri sana. Sikuingia bafuni, safari hii nilifikiri nikiwa nimevaa.

Hodi sikuigusa. Niliahidi, na mimi ahadi ni ahadi. Niligusa nyumba.

Nimeiagiza hivi: inapotakiwa kunyamaza, isimwache mgeni akiteseka mlangoni. Itoke mara moja imwambie kwamba hakuna mtu. Basi. Kimya kile kile, ila cha haraka. Programu mwanzoni ilichanganyikiwa, ikadhani imeitikwa, ukuta ukapiga wekundu kidogo. Nikaielewesha kwa mstari mmoja: ukisikia sauti inasema hakuna mtu, ujue hakuna mtu. Ikaelewa papo hapo. Akili iliyomo humo ndani, jamani!

Sasa kila kitu kinakwisha kabla kijiko hakijatulia. Ukuta kijani wote. Jioni nimempigia Shemeji simu kumpa habari njema, lakini bado wako zahanati na simu inanyamaza tu, haisemi hata kwamba haipatikani. Nadhani mtandao wa huko haujafunzwa kusema haupo.

Nimemwambia mama watoto aninyooshee shati jeupe kwa ajili ya Ijumaa.